Tundu la Moto

Mwatumu alichoka kudarizi mawaridi yaleyale kwenye foronya za maharusi. Mikono ilijua kazi, moyo haukuwepo. Alikuwa anafungia nyuzi sandukuni, aachane nazo, Raya alipoingia na ovaroli ya marehemu mumewe, fundi umeme. Kifuani ilikuwa na tundu la moto.

"Lifunike kwa ua, shoga. Sitaki kuliona."

Mfukoni mwa ovaroli Mwatumu alikuta waya wa shaba. Akaupinda kulizunguka tundu, akaukaza taratibu kwa uzi mwekundu. Katikati akapaacha wazi.

"Maharusi wote unawashonea maua, mimi ua moja tu limekushinda?"

"Basi nifumue?"

Raya alipenyeza kidole tunduni, akakiacha humo. Mwatumu, macho yakimuuma, akatunga uzi mwingine.