Jina Zima

Bi Sikujua alikuwa amengoja miaka miwili zamu yake ya kutolewa mtoto wa jicho, na leo daktari wa macho alikuwa anaondoka mjini. Alifika dirishani pa hospitali kwa kupapasa, akamkabidhi karani kadi.

"Jina lako halimo, bibi."

"Tafuta vizuri."

Karani alibonyeza, akabonyeza tena. Bi Sikujua akasikia kiti kikilia.

"Kuna mgonjwa alifariki, akiitwa Siku. Niliiamuru kompyuta imfute. Sikuiambia itafute jina zima, basi ikafuta kila jina lenye Siku ndani yake. Nafasi yako amekwisha pewa mwingine."

"Kwa hiyo mmenizika naye, nami nimesimama hapa?"

"Nisamehe, bibi." Karani alimrudishia kadi. "Sikujua."

Bi Sikujua alicheka kicheko kikavu. "Ndilo hilo hilo. Sasa ndiyo umelitaja lote."

Nje, gari la daktari liliunguruma. Aligeuza uso kuufuata mlio mpaka ukapotea, huku kidole gumba kikipita juu ya jina lake kwenye kadi, herufi baada ya herufi, zote saba.