Jalada la Gazeti

Maneno hayo mama aliyapata kwa mshonaji, na tangu hapo yakamganda kichwani: mtihani wa pamoja ulivuja.

"Shule iliyozoea kushika mkia, leo iwe ya kwanza?" alisema mshonaji, pini mdomoni. "Labda orodha waliisoma juu chini! Dada, watu wanasema mwalimu wa darasa la tano alikuwa na maswali yote mapema."

Mama alicheka kidogo, akachukua sketi ya shule aliyoleta kupunguzwa, akaondoka. Njiani kicheko kiliisha. Binti yake ndiye aliyeongoza darasa hilo. Alama tisini na sita. Kwa alama hizo alishapata nafasi katika shule ya vipaji, ambayo kila mwaka huchukua watoto watano tu.

Na mwalimu huyo si mtu wa kando. Ndiye aliyebaki na binti kila jioni akimfundisha kugawanya kwa maganda ya karanga. Alikula mezani kwao. Mama alimwita dada, na alimaanisha.

Mama mwenyewe aliishia shule ya msingi, na kazi yake ilikuwa kufagia maofisi ya kiwanda cha uchapaji. Kwenye hesabu hakuwa na la kumsaidia mtoto. Lakini daftari za binti zilikuwa nadhifu kuliko za darasa zima, maana alizijalidi kwa karatasi kubwa zilizoharibika kazini, upande wenye maandishi ndani, upande mweupe nje. Hilo lilikuwa la kwake, na alijivunia.

Ndiyo maana aliumia siku mbili baada ya mtihani, daftari la hisabati liliporudi nyumbani limejalidiwa kwa gazeti kuukuu.

"Jalada langu limekosa nini?" aliuliza.

"Mwalimu kalibadilisha," binti alijibu, akakimbilia nje kucheza.

Mama alinuna, kisha akasahau. Sasa, baada ya maneno ya mshonaji, alikumbuka. Kumbe dharau ilianza zamani. Akamkalisha binti jikoni.

"Yale maswali ya mtihani, mliyaona kabla?"

"Tulidhani ni mazoezi tu, mama. Tuliyafanya wakati wa mapumziko. Hata lile la tanki."

Lile la tanki liliwachekesha sana wote wawili siku ya mtihani. Tanki lenye matundu mawili linajazwa na bomba moja, je, litajaa baada ya saa ngapi? Mama aliuliza kwa nini watu hao wasizibe matundu kwanza. Leo hakucheka.

"Nani aliwapa?"

Binti alivuta uzi wa sketi, akauzungusha kidoleni.

"Mwalimu alisema nisimwambie mtu. Hata wewe."

Mama alihisi kama ameporwa kitu ndani ya nyumba yake, na mgeni aliyemfungulia mlango yeye mwenyewe.

Kikao cha wazazi kilifanyika darasani, watu wazima wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Mwalimu mkuu hakuzunguka. Aliyetoa maswali akijulikana, ataadhibiwa yeye peke yake. Asipojulikana, matokeo ya darasa zima yatafutwa.

Yatafutwa. Mama aliiona nafasi ya binti yake ikipotea hivihivi. Akasimama.

"Mwanangu kanieleza. Huyu hapa alimfunga mtoto mdomo. Alimwambia asiniambie hata mimi mama yake!" Akamgeukia mwalimu. "Umekula kwangu. Nimekuita dada mbele za watu. Hukuona mtoto mwingine wa kumchafua isipokuwa wangu?"

Mwalimu alijipangusa vumbi la chaki vidoleni.

"Umemaliza, mama?"

"Nimemaliza. Na udada wetu nao umekwisha."

Mwalimu akamgeukia mkuu wake. "Niandike mimi."

"Unakiri?"

"Nimesema, niandike mimi."

Wazazi wakapumua. Mmoja alipiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha. Mwalimu alitoka na mkoba na rula yake ndefu ya ubao. Miaka kumi na minne ya kazi ilitosha mkono mmoja. Dirishani binti alikuwa analia hadi kwikwi, na mama akamshika mkono, akamvuta nyumbani.

"Nyamaza. Utakuja kunishukuru."

Wiki ya kufungua shule ya vipaji, binti hakuwa ameshukuru bado. Alijibu akiulizwa, basi. Mama alikaa sakafuni kubandua majalada ya zamani ili daftari ambazo hazikujaa zipate mapya. Akaanza na la sayansi. Selotepu ya hili ilishika sana, si kama ya lile la hisabati iliyobanduka kila mara, akaing'oa kwa kisu. Karatasi ikafunguka, akaigeuza.

Juu kabisa, kwa herufi nene, iliandikwa: MTAHINIWA, USIFUNGUE MPAKA UAMBIWE. Chini yake yalipangwa maswali, wino umefifia upande mmoja. La thelathini na moja lilihusu tanki lenye matundu mawili.

Kwa mama mwingine yeyote, mambo ya kuepuka ni haya:

Usiyabebe maneno ya kwa mshonaji hadi kikaoni.

Mtoto akisema ameambiwa asiseme, usiishie hapo. Muulize siri hiyo inamlinda nani.

Usivunje udada mbele ya watu.

Kazini ukiambiwa karatasi zilizoharibika zichomwe, zichome.

Na daftari likirudi limejalidiwa kwa gazeti, usinune.