Kuku Aliyepigania Uwanja wa Ndege

Waliokuwapo wanasimulia kwamba Kuku, ambaye tangu aanguliwe hakuwahi kuruka juu kuliko uzio, aliapa kuwa uwanja wa ndege haujengwi nyumba.

"Bi Kuku, wanangu kumi na wanane wanalala ndani ya kiatu kimoja," Panya akamlilia. "Tupeni kipande tu."

"Na sisi ndege tutatua wapi?" Kuku akafoka. Akalala katikati ya uwanja siku tatu, mpaka wanyama wote wakasalimu amri.

Siku ya nne akatua ndege wa kwanza, naye ni Mwewe.

"Ahsante, dada," alisema huku akimkagua mapaja. "Uwanja safi, hauna hata kichaka kimoja."

Kuku akatimua mbio, akachomeka kichwa kiatuni kwa Panya. "Jirani, zile nyumba tunaanza kujenga lini?"