Maajabu ya Mzee Kalenda

Mwezi wa nne sasa, kila asubuhi, fundi cherehani alikuwa akimzima mumewe kwa kidole kimoja.

"Mama Watoto," alianza mumewe, miwani puani, "unajua kwamba pweza ana mioyo mitatu?"

"Makubwa hayo!" alijibu fundi, akajifanya anajikuna nyuma ya sikio la kushoto. Tik. Dunia ikanyamaza. Midomo ya mzee iliendelea kucheza juu ya kikombe, naye kila alipoona imetulia aliitikia kwa kichwa, kama mke mwema.

Mumewe alikuwa mstaafu wa ghala, na mtaa mzima ulimwita Mzee Kalenda. Sababu ilining'inia ukutani: kalenda ya kuchana karatasi moja kila siku, na nyuma ya kila karatasi jambo moja la kushangaza. Tangu astaafu, hakuna fundi bomba wala muuza maziwa aliyepita mlangoni pake bila kubebeshwa ajabu la siku.

Sikio la kulia la fundi lilikufa kitambo kwenye kiwanda cha nguo. La kushoto lilikuwa linafuata, ndipo wakaenda kliniki, mume na mke, kuchukua kifaa cha kusikia. Mtaalamu alimvalisha, akamwonyesha kitufe: bonyeza, kinawaka; bonyeza tena, kinazimika. Mtaalamu alikuwa bado anaeleza mambo mengine ya kifaa fundi alipobonyeza kujaribu, akaona raha, akamwacha aeleze. Mzee alikuwepo, akasikiliza kwa niaba ya wote wawili. Mzee hakupitwa na maelezo.

Kama si kifaa kile, pengine angemvumilia. Lakini kichwa cha fundi kilikuwa na kazi. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alimwahidi kazi ya kushona sare mia mbili, kwa sharti moja: "Jumatatu nitakuja kukagua. Simpi kazi mtu anayeshonea sebuleni." Na fundi alishonea sebuleni. Cherehani tatu zilibanana na makochi, na mgeni akiinuka huondoka na uzi matakoni.

Dawa ilikuwa chumba cha watoto. Watoto walikwisha kuota mbawa, na chumba kilikuwa na dirisha pana. Tatizo lilikuwa wifi yake. Nyumba aliyopanga ilikuwa imeuzwa, naye alitafuta pa kuhamia. Hakuwa mgonjwa, hakuwa wa kushikwa mkono. Alikuwa matroni mstaafu wa bweni, mwenye sauti ya kuamsha wasichana mia kwa mpigo mmoja, na kasuku aliyesomea kwake.

Fundi alilimaliza jambo hilo mapema, kabla hata ya kliniki. "Aje kula, aje kusalimia. Kulala, hapana. Siku utakayoniona naitikia kwa kichwa, mlete."

Mzee hakubisha hata neno. Fundi alimhesabia wema.

Na wema ukazidi. Siku ya asali, ile ya "unajua asali haiozi?", mzee alitoka akarudi na kopo la rangi, akapaka chumba chote. Rangi yenyewe ilikuwa zambarau, fundi hakuipenda, lakini cha bure hakichaguliwi. Siku ya twiga, ambaye kumbe shingo yake ndefu ina mifupa saba tu kama ya mtu, mzee alipanda ngazi akapigilia ndoano nene darini. Ya kutundikia taa, alijiambia fundi. Mwanamume ameona mwanga mwenyewe.

Mara moja tu alishangaa. Alikuwa anafagia, akaokota karatasi ya kalenda: *Nzi huonja chakula kwa miguu.* Basi. Maneno matano. Sasa ya nzi mzee aliyazungumza tangu kikombe cha kwanza mpaka cha pili. Fundi akacheka peke yake. Mstaafu ukimpa uzi, anakusokotea kamba.

Jumamosi alikuwa amepiga magoti katika chumba cha zambarau, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akiweka alama za cherehani sakafuni, gari la mizigo liliposimama nje. Likashusha kitanda. Likashusha masanduku manne. Mwisho likashusha tundu la kasuku, na nyuma yake wifi.

"Wifi yangu wee!" Madirisha yalitetemeka. "Na rangi niipendayo! Nani kasema huna roho?"

"Amkeni!" akaongeza kasuku.

Fundi alimvuta mumewe hadi koridoni. "Mzee, nini hiki?"

"Si tulikubaliana?" Mzee alionekana kuumizwa kweli. "Nilikuuliza siku ya pweza, ukaitikia. Nikasema labda hujafikiri vizuri, nikakuuliza siku ya asali, ukaitikia. Ya twiga nikakuambia ndoano ni ya tundu. Ya nzi nikakutajia Jumamosi. Ukaitikia mpaka nikaihofia shingo yako."

Fundi alipiga hesabu haraka. Aseme hakusikia? Angelazimika kusema kwa nini. Miezi minne ya "makubwa hayo" ingemuumbua.

Chumbani, wifi alikuwa ameanza kueleza dosari za mapazia. Mkono wa fundi ukapanda wenyewe kuelekea sikio la kushoto.

"Mama Watoto," alisema mzee kwa upole, akiuangalia mkono huo, "unajua kwamba kifaa hicho kina taa ndogo ya kijani upande wa nyuma, ukikizima nayo inazimika, na mtu pekee asiyeweza kuiona ni yule aliyekivaa?"