Kumpakia Mama

"Nani kakutuma upokee simu wakati Mama anapakiwa? Sasa imekatika, anaanza upya!"

"Dogo, alipiga bosi."

"Bosi wako ana haraka kuliko maiti?"

Siku hizi huziki mtu mpaka rekodi ya maisha yake yote ipakiwe kwa simu, ifike serikalini. Mama alikuwa bado mochwari. Kaka yangu Evarist, eti msomi wa ukoo, kazi yake kudonoadonoa kioo kama kuku.

"Faili ni zito," akasema. "Tukate miaka aliyokulea wewe. Makelele na polisi tupu."

"Kata, mradi azikwe. Nani anataka kuonekana na nyie?"

Akakata. Rekodi ikapanda bila kukwama, kibali kikaja.

Makaburini nikashika jeneza. Mlinzi akaniwekea mkono kifuani. Kwenye simu yake, marehemu alikuwa na mtoto mmoja, na kibali kikitofautiana na watoto waliofika, maiti inarudi mochwari.

"Huyu nani wenu?" akamuuliza Evarist.

Msomi akaniangalia, akamwangalia mlinzi.

"Jirani," akasema, akageuka, akaenda kumbeba Mama.