Jibu Lenye Njia

Mkunga Sikitu aliinua simu yake kuukuu dirishani, mtandao ukishika na kupotea. Kitandani, mzazi alikuwa akivuja damu. Kando yake, roho juu, alisimama Kheri, fundi wa kompyuta aliyetumwa zahanati hiyo kukagua mfumo wa kuombea damu kwa simu uliotengenezwa na mwenzake Nasriya. Asubuhi ile benki ya damu ilikuwa imehamishiwa hospitali nyingine, na mkunga hakuwa na habari.

Sikitu akaulizia damu kwenye mfumo huo. Jibu likapenya, mistari michache tu, na chini yake viungo viwili: "Omba chupa ya damu" na "Agiza pikipiki". Akabonyeza. Ombi likaenda moja kwa moja kwenye anwani mpya.

"Mama, umejuaje pa kuomba?" Kheri alimuuliza mkunga.

"Sijui, mwanangu. Kila jibu linanionyesha pa kwenda."

Wiki nzima Kheri alikuwa akimwambia Nasriya kwamba mfumo wake ni mwepesi mno. Kumbe mfumo mzito usingepenya kwenye mtandao hafifu kama huu.

"Nasriya ni fundi kweli," alisema.

Punde pikipiki iliyobeba damu ikasikika ikipanda kilima, na mzazi akageuza uso kuelekea mlangoni.