Dumu la Lita Tano

Ndege wawili warefu walikuwa wanatembea ndani ya mazigazi, na miguu yao ilikuwa inalowa.

Hapo nikasimama. Tangu asubuhi nakatiza peke yangu hili jangwa la chumvi, kaskazini ya Bagamoyo. Yale maji yanayong'aa mbele nilikuwa nayapuuza, maana jua linadanganya macho.

Nikampigia shangazi Zaina.

"Asubuhi nilikuuliza leo mwezi una siku ngapi, ukanicheka," akasema.

"Mimi niliogopa kiu tu, shangazi. Nimebeba dumu zima la maji."

"Leo kumi na tano, baba. Bamvua. Bahari inapanda mpaka huko. Rudi."

Nikageuka. Mkondo niliouvuka ukiwa mkavu ulishakuwa mto, na mimi kuogelea sijui.

Maji yalikuja bila sauti, membamba kama karatasi, yamebeba mawingu yote. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Nilikuwa nimesimama juu ya mbingu, vidole vinalowa, nikasahau hata kuogopa.

Kisha nikamwaga maji ya kunywa mpaka tone la mwisho, nikakaza kifuniko, nikalikumbatia dumu tupu kifuani, nikaingia mkondoni.